Lutuku Haikuifukarisha Kapata

Hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, kuna jambo moja ambalo mchungaji, mkuu wa mtaa, mwalimu na msemaji wa kampuni ya madini wanakubaliana bila hata kuulizana: vijana wetu wanamalizwa na lutuku. Mchimbaji akifukiwa shimoni, alikuwa amekunywa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ada imenywewa. Nyumba ikilala bila bukari (ugali), mtafute baba kwa mama wa lutuku. Na Kapata, kambi ya zamani ya shirika la madini la Gécamines nje kidogo ya mji, hutajwa kila mara kama mfano wa mahali palipoangamizwa na pombe hii ya mahindi na mihogo.

Nitaieleza hoja hiyo kama wanavyoieleza wenyewe, kwa sababu wengi wao ni watu wa kuheshimiwa na wanachosema wamekiona kwa macho yao. Wanasema lutuku ni kali na ni rahisi, inapatikana tangu alfajiri, na mtoto hutumwa kuinunua. Wanasema baba anauza magunia yake jioni, anapitia kwenye glasi, anafika nyumbani mikono mitupu na hasira tele, na mkewe ndiye anayelipia hasira hizo. Wanasema inapikwa kwenye mapipa ambayo hakuna ajuaye yalibeba nini. Wanasema mtu anashuka kwenye kisima cha mita nyingi huku miguu haimtii. Kwa hiyo, wanahitimisha, lutuku ndiyo chanzo cha umaskini wetu, anayeipika anauza kifo, polisi wayavunje mapipa, na anayetaka kunywa anunue chupa ya kiwandani yenye lebo kama watu waliostaarabika.

Waliyoyaona sina ugomvi nayo. Kuna wanaume Kapata ambao ini limekwisha kabla hawajafika miaka 40, na kuna wake zao wenye makovu. Ninachokataa ni hitimisho, kipande kwa kipande, kwa sababu linamwadhibu asiyehusika, linamwacha mhusika, na linaifanya hiyo pombe yenyewe kuwa hatari zaidi.

1. Umaskini ulifika kabla ya pipa

Kapata ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodini. Enzi za kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na baada ya mwaka 1967 chini ya shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule na unga. Watu wa Katanga walisema, "Kazi njo baba, kazi njo mama," na hawakutia chumvi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikiandikia kitabu kizima kizazi cha watoto wa Shaba walioachwa na baba huyo. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji ukashuka, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Hakuna aliyeondolewa kwa ulevi. Waliondolewa kwa sababu shirika lilikuwa limekwisha, na waliolimaliza hawakuwa wanywaji wa lutuku. Hospitali ikakosa dawa, shule ikaanza kudai pesa, na mwanamume aliyezoea kusaini daftari la mshahara akaanza kuchimba kwa sululu, baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002 kutambua uchimbaji wa mikono katika maeneo yatakayotengwa, maeneo ambayo hadi leo hayatoshi. Wake zao na watoto walishuka Ziwa Malo kuosha mawe ya shaba na kobalti, maji yakiwafika magotini. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 iliipeleka picha hiyo duniani kote, ikitaja Kapata na Malo kwa majina.

Hapo ndipo pa kumtazama mama wa lutuku. Shimoni haruhusiwi kuingia; machimbo mengi yanashikilia imani kwamba mwanamke akikaribia kisima, madini yanapotea. Anabakiwa na kuosha mawe, kuuza chakula, au kupika. Anayepika huamka kabla ya jogoo. Mahindi ameyalowesha yakachipua, ameyaanika, ameyatwanga, ameyachanganya na unga wa mihogo uliopikwa, akayaacha kwenye pipa la plastiki siku kadhaa mpaka yakaacha kutoa povu. Sasa anayamimina kwenye pipa la chuma juu ya moto, anaziba kila mwanya kwa udongo au kwa unga uliokandwa, na bomba linalotoka juu ya pipa linapita ndani ya maji baridi na kuishia kwenye mdomo wa chupa. Moto ukizidi, uji unapanda na kuharibu kila kitu. Ukipungua, hakuna kinachotoka. Kwa hiyo hawezi kuondoka, moshi umpige usimpige. Matone ya kwanza anayamwagia jivuni, jivu linawaka, naye anajua pombe imefika. Machicha yanakwenda kwa nguruwe. Ukimuuliza kwa nini anafanya kazi hii, jibu halina maneno mengi: "Papa, tunapikaka juu ya batoto basome." Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Sekondari haikutangazwa.

Wanaolaumu glasi wanaanza kuhesabu pesa za mchimbaji kuanzia mlangoni pa mama wa lutuku. Waanze mapema kidogo. Waanze kwenye depo ya mnunuzi, ambako jiwe linapimwa kwa mashine ya Metorex ambayo mchimbaji hawezi kuihakiki, na kiwango kinachosomwa ndicho kinachoamua bei. Wahesabu anachochukua mfadhili aliyemlisha siku zote alizochimba bila kupata kitu, na kinachotolewa kwa kila anayesimama njiani kati ya kisima na mizani. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye glasi. Ni kweli kwamba kingepaswa kufika nyumbani. Lakini anayeeleza umaskini wa familia hiyo kwa kutaja sehemu ya mwisho tu ya safari ya pesa zake amechagua kutoitazama njia yote iliyobaki, na njia hiyo ina wenyewe.

Vifo vya shimoni navyo vinaelezwa hivyo hivyo. Tarehe 27 Juni 2019, kingo za machimbo ya KOV hapa Kolwezi ziliporomoka na makumi ya wachimbaji wakafa. Ukuta wa mgodi haumpimi mtu pumzi kabla ya kumwangukia. Mlevi shimoni ni hatari kwake na kwa wenzake, hilo sibishani nalo, na anayemuuzia mtu glasi mdomoni mwa kisima anastahili kufukuzwa hapo. Lakini vifo vikielezwa kwa ulevi hakuna tena haja ya kuuliza kuhusu nguzo, hewa, kina cha kisima, au kwa nini watu wanachimba usiku mahali pasiporuhusiwa.

2. Sheria haikutungwa kwa ajili ya ini letu

Watu wengi wanaamini kwamba kukataza pombe kali inayopikwa nyumbani ni busara iliyozaliwa na huruma. Katika eneo hili la Afrika marufuku hiyo ina tarehe na ina saini. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi vya kwanza vya pombe kali katika ukanda mpana wa bara. Ukafuata Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919, uliosainiwa na Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, Ureno, Italia, Marekani na Japani. Huo ulikataza kutengeneza pombe kali ya aina yoyote katika maeneo uliyoyataja, ukakataza pia kuingiza, kuuza na hata kumiliki mitambo ya kuipikia. Mikataba yote miwili iliacha mlango mmoja wazi: kiasi fulani kiliweza kuruhusiwa kwa matumizi ya wasio wenyeji.

Kwa hiyo konyaki ya mhandisi wa Kibelgiji Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ilikuwa halali, na pipa la mama wa kambini lilikuwa kosa. Kemia yake ni moja. Tofauti ilikuwa ngozi ya mnywaji, na tofauti ya pili ilikuwa faida ya muuzaji, kwa sababu katika miaka ya 1920 viwanda vya bia vilianza Kinshasa na Katanga, na bia ndiyo iliyoonekana inamfaa mfanyakazi mweusi. Mwenye mgodi alitaka mtu anayefika kazini Jumatatu asubuhi. Mwanamke aliyeuza pombe kambini alikuwa na kipato ambacho kampuni haikukitoa na haikuweza kukikata, na kwa sababu hiyo alionekana mkorofi kabla hajamdhuru mtu yeyote.

Tumerithi sheria hiyo pamoja na dharau yake. Leo anayeivunja ni yule yule, na anayeachwa ni yule yule. Wasimamizi wa kampuni za Kichina zilizojaa katika jimbo letu la Lualaba wana pombe yao ya mtama, nyeupe kama maji, ambayo mara nyingi hupita asilimia 50 ya kileo. Inawekwa mezani mbele ya mgeni wa heshima, na maofisa wetu wakialikwa wanagonganisha vikombe nayo. Hiyo ni pombe kali ya nafaka iliyochachushwa na kupikwa kwa mvuke, kama lutuku. Ina historia ndefu, ina viwanda, ina sherehe zake, na hakuna mchungaji wa Kolwezi aliyewahi kusema kwamba ndiyo iliyoifukarisha China.

3. Kinachoua, na kinakotoka

Hapa ndipo wapinzani wangu wana neno zito, nami nitakaa hapa zaidi, kwa sababu watu wamekufa.

Chachu ikila sukari ya nafaka hutoa ethanoli, kileo kile kile kilichomo kwenye bia, mvinyo na whisky. Methanoli ni kitu kingine. Mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, inayoshambulia neva ya macho na kuijaza damu asidi. Mtu anaamka haoni, au haamki. Methanoli hutoka kidogo kidogo katika uchachushaji wa matunda na maganda, lakini mahindi na mihogo iliyomenywa haitoi kiasi cha kujaza makaburi kwa usiku mmoja. Vifo vya halaiki vilivyotokea Afrika Mashariki vilitokana na methanoli ya viwandani, iliyonunuliwa au kuibwa kwa madebe na kuchanganywa na maji ili kuuza haraka bila kupika kabisa.

Tazama Kenya. Mwaka 1980 sheria ilipiga chang'aa, pombe kali inayopikwa nyumbani huko, marufuku kabisa. Kwa miaka 30 polisi waliingia Mathare na Korogocho, mitaa ya Nairobi, kumwaga mapipa mtoni. Mwaka 2000, marufuku hiyo ikiwa na nguvu zake zote, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Marufuku haikuwalinda. Iliwafundisha wauzaji kwamba biashara inayoweza kuvamiwa saa yoyote lazima iwe ya haraka, na hakuna pombe ya haraka kuliko ile isiyopikwa. Anayekaa siku kadhaa akingoja uji uchachuke, kisha anawasha moto unaoonekana mtaa mzima, ndiye anayekamatwa kwanza. Anayechanganya kemikali ndani ya chumba kilichofungwa hana moshi wala harufu. Kila msako unamwondoa sokoni yule asiye hatari sana na kumwachia nafasi aliye hatari zaidi.

Uganda, mwaka 2010, makumi ya watu walikufa Kabale kwa waragi, pombe kali ya huko, uliochanganywa na methanoli. Kenya tena, Februari 2024, watu 17 walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ilieleza kwamba kilichowaua kilitoka kwenye kituo cha polisi, kilikokuwa kimehifadhiwa kama kielelezo cha kesi. Kitu kilichokamatwa ili kisiue watu kiliibwa chini ya ulinzi na kikawaua.

Kolwezi ina hatari yake ya pekee, na sijasikia mpiga marufuku yeyote akiitaja kwa jina lake. Huu ni mji wa asidi ya salfa, wa kemikali za kuelesha madini, wa vilainishi na viyeyusho vinavyoingia kwa malori kila siku. Pipa tupu ni bidhaa. Linauzwa sokoni likiwa limeoshwa, na halisemi lilibeba nini. Mama anayenunua pipa la kupikia hana pa kuuliza, na kwa kuwa anachofanya ni kosa, hawezi kwenda kwa mkaguzi yeyote kusema, "Nikaguzie pipa langu." Risasi, shaba na mabaki mengine yanaweza kuingia kwenye pombe kutoka kwenye chombo na bomba. Hilo ni tatizo la chombo, na chombo hutibiwa kwa chombo bora.

4. Chupa yenye lebo

Wapinzani wanatuambia tuhamie kwenye kinywaji cha kiwandani. Hebu tuitazame historia ya hicho kinachoitwa salama.

Mwaka 2012 Zambia, jirani yetu wa ukanda huu huu wa shaba, ilipiga marufuku tujilijili, vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vikilewesha hadi wanafunzi. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Vyote hivyo vilitoka viwandani. Vilikuwa na leseni, kodi, lebo na asilimia iliyoandikwa. Havikupikwa na mama yeyote uani. Serikali tatu zilifika mahali pa kukiri kwamba kiwanda halali, kikiamua kuuza kileo kwa bei ya peremende, kinaweza kuharibu watoto wengi kwa mwezi mmoja kuliko mapipa ya mtaa mzima. Na Kenya ya Mei 2014, ambako watu zaidi ya 70 walikufa katika kaunti kadhaa, sehemu ya sumu iliuzwa ikiwa na chapa.

Kisa kingine kinatuhusu sisi wa Kolwezi kuliko mtu yeyote duniani. Mwaka 1965 na 1966, katika mji wa Quebec nchini Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walianza kufika hospitali mioyo ikiwa imevimba. Watu wasiopungua 20 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiwanda cha bia kilikuwa kimeongeza chumvi ya kobalti ili povu lidumu kwenye glasi. Visa vya namna hiyo vikaonekana Leuven, Ubelgiji, na Omaha, Marekani. Walioumia zaidi walikuwa wanaokunywa sana na kula kidogo. Bia hiyo ilikuwa na lebo nzuri.

Sasa rudi kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao watu walichimba chini ya nyumba zao. Wakazi wa hapo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mkojoni kuliko wenzao wa mtaa wa jirani. Tuna watu wanaovuta vumbi la kobalti mchana, wanaokula mlo mmoja, na wengine wao wanakunywa sana jioni. Quebec inatulazimisha kuuliza mioyo yao ina hali gani. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba kila kifo cha mchimbaji ni lutuku hataliuliza swali hilo kamwe, kwa sababu jibu analo tayari, na jibu lake halimgusi mwenye mgodi.

Sisemi lutuku ni salama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na tangu 1988 kileo kinahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Hukumu hiyo inazigusa bia za Simba na Tembo za Lubumbashi, whisky ya hotelini, pombe ya mtama ya Wachina, na lutuku, kadiri ya kileo kilichomo na kiasi kinachonywewa. Mwenye kuihubiri aihubiri yote. Akiisoma kwa lutuku peke yake, si afya anayoitetea.

5. Bei ya kuvunja mapipa

Msako una gharama, na gharama hizo haziandikwi popote. Pipa likivunjwa, mama amepoteza chombo, mahindi, makaa na siku zote za kungoja. Akitaka lisivunjwe, anatoa pesa, na pesa hizo hazina risiti. Kwa hiyo anazirudisha kwa kuongeza maji, au kwa kuongeza kitu cha kuificha ladha ya maji. Anahamia kwenye chumba cha ndani, na moto wa pombe kali ndani ya chumba ni ajali inayosubiri siku yake. Mteja naye anajifunza kunywa upesi na kuondoka. Mnywaji akizidiwa, wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu wataulizwa alinywea wapi. Sumu ya methanoli ina tiba, lakini ni tiba ya saa chache; hofu ndiyo inayozimaliza saa hizo.

Na baada ya yote hayo lutuku haipungui. Uingereza ilijaribu mwaka 1736, London ilipokuwa imelewa jini: leseni ya pauni 50, ushuru mkubwa, zawadi kwa wanaowasaliti wauzaji. Karibu hakuna aliyelipa leseni hiyo, wasaliti walipigwa barabarani, na mwaka 1743 sheria ikafutwa. Uskoti ilijaribu kinyume. Kwa vizazi vingi wanavijiji walipika whisky kwa kujificha milimani huku wakiwindwa na watoza ushuru. Mwaka 1823 sheria mpya ilishusha ushuru na kuweka leseni ya pauni 10, na ndani ya miaka michache upishi wa siri ukaanza kufa. Kinywaji cha majambazi wa milimani leo kinauzwa kwa bei kubwa katika hoteli za Kolwezi.

6. Wale wanaosema "ni mila yetu"

Kuna kundi la pili, dogo lakini lenye sauti, linalojibu kwa kusema lutuku ni urithi wa mababu na iachwe kama ilivyo. Hao nao wamekosea, na kosa lao linawasaidia wapiga marufuku. Mababu wa ukanda huu walikuwa na munkoyo na pombe za nafaka na asali, za kuchachushwa, za kunywewa kwa pamoja. Pipa la chuma na bomba vilikuja na mgodi na reli. Lutuku ni pombe ya kambi, ni pombe ya mtu aliyetolewa kijijini akapangiwa saa. Haina wazee wanaosimamia nani anywe na lini, na ndiyo sababu inahitaji usimamizi wa aina nyingine. Kuiita mila ni kumwambia mwanamke anayepigwa kila Jumamosi kwamba anapigwa na mababu.

7. Pimeni

Watasema: ukiiruhusu, ulevi utaongezeka. Ningewaelewa kama leo lutuku ingekuwa adimu. Haijawahi kuwa adimu Kapata hata siku moja. Kilicho adimu ni mtu wa kuipima.

Sitaki kuruhusu ovyo, na majirani wametuonyesha mitego. Uganda, kwa Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, ilimtaka mpikaji wa kijijini awe na leseni na pombe yake iende kiwandani kusafishwa. Uganda Waragi ikapata jina, na mpikaji akabaki kijijini na umaskini wake. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya chupa za kioo na mtambo ambayo wanawake wa Mathare hawakuwa na mtaji wa kuyatimiza, kwa hiyo wengi walibaki wahalifu chini ya sheria iliyosema si wahalifu. Tanzania imekuwa na Sheria ya Moshi tangu 1966, ina Konyagi ya kiwandani dukani, na gongo inayopikwa nyumbani bado inamwagwa mbele ya kamera.

Kwa hiyo tuanze chini, mahali mama anapoweza kufika. Vyama vya akina mama wapikaji, kila kimoja na chombo cha chuma kisichoshika kutu badala ya pipa lililobeba kemikali. Kipimo cha kileo, kijiti cha kioo kinachoelea, ambacho mtu aliyemaliza sekondari anafundishika kukisoma kwa asubuhi moja. Sampuli zipelekwe maabara kuangaliwa methanoli na metali. Mipaka iwe wazi: isiuzwe kwa mtoto, isiuzwe karibu na kisima, isiuzwe alfajiri, na anayekutwa na methanoli ya kiwandani ashughulikiwe kama muuaji. Ada ndogo yenye risiti, ibaki mtaani, ilipie zahanati ambayo mlevi na mkewe wote wanaweza kwenda bila kuulizwa pombe ilinunuliwa wapi.

Wataniambia hakuna vifaa vya kupimia. Kolwezi! Mji ambao gunia la mawe haliuzwi kabla ya kulengwa na Metorex na kusomwa asilimia ya kobalti hadi sehemu ya desimali, kwa sababu kuna mnunuzi wa mbali anayetaka kujua kila gramu anayolipia. Maabara za madini zipo, wakemia wapo, na wengine wao ni watoto wa Kapata waliosomeshwa na pipa lile lile. Mashine hazijawahi kukosekana hapa kwa kitu kinachotoka nje ya Lualaba. Tunazidai sasa kwa kinachoingia mwilini mwa mtu anayebaki.